Betri Chumbani Kwetu

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, na pikapu imekataa kuwaka. Mzee, mume wangu, alizungusha ufunguo, kimya. Hata zile taa ndogo za mbele ya usukani zilizimika. Akarudia, kimya. Akashuka, akafungua boneti, akaitazama injini kama mtu anayemtazama mtoto mwongo, akafunga boneti bila kugusa kitu, akarudi kuketi, akazungusha. Ikawaka. Akaenda zake kubeba mbao bila hata kunipungia mkono.

Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliachia darasa la nne na mkono wangu unatambaa. Lakini humu ndani nikifungua mdomo naambiwa, "Mama, acha wasiwasi." Basi wasiwasi wangu nitauweka hapa. Karatasi hainijibu.

Jumatano, tarehe 5

Imewaka.

Binti yangu yuko kwetu tangu wiki iliyopita, tumbo limeanza kumzidi mwendo. Amekuja na mumewe, na mumewe amekuja na cherehani yake, wamekaa chumba cha nje. Nisijidanganye kwamba amenifuata mimi. Ameifuata pikapu. Hospitali iko mbali, mtaa wetu uko bondeni, na udongo huu ukishalowa teksi hazishuki hata uwabembeleze vipi. Pikapu ya baba yake inashuka na inapanda. Daktari amempa siku ya upasuaji, katikati ya Mei, lakini alimwambia na akamrudia: uchungu ukianza kabla ya hapo, usikae nyumbani hata kwa kikombe cha chai.

Sababu daktari anaijua, na sisi tunaijua. Mwaka juzi alikuwa hapa hapa kwetu, uchungu ukamshika asubuhi. Baba yake akatoka mbio kuwasha gari, akakuta boneti iko wazi. Betri imeibiwa. Mpaka tunapata gari lingine jua lilikuwa utosini. Binti yangu walimpasua, akapona. Mtoto hakupona. Alikuwa wa kike. Sitaandika zaidi.

Tangu siku ile betri ya pikapu inalala chumbani kwetu. Kila jioni mzee anafungua vichwa vya nyaya kwa spana, anazisukuma nyaya pembeni, anaibeba betri kifuani, anaiweka upande wake wa kitanda juu ya kipande cha ubao. Asubuhi anaibeba tena kuirudisha. Mgongo unamuuma, haachi. Mimi humwambia betri ndiyo mke mwenzangu, kahamia ndani sasa, amebakiza kuomba mto. Hucheka kidogo, kwa adabu tu.

Alhamisi, tarehe 6

Imewaka. Mvua.

Jumapili, tarehe 9

Imekataa, na safari hii imekataa kweli. Tumeisukuma. Mimi, jirani, na mkwe wangu. Jirani hakosi la kusema. "Mzee, hii gari mnaipanda au inawapanda?" Mzee akamjibu kutoka dirishani, "Sukuma kwanza, utacheka ukifika kwako." Mkwe alisukuma kwa ncha za vidole, futi yake ya kupimia nguo inaning'inia shingoni, akateleza akala matope. Nilitaka kumhurumia ikashindikana. Mwanamume mzima, kazi yake mapazia na mashuka ya watu, sauti yake huisikii mpaka umsogelee. Siku ile ya mwaka juzi alitumwa kutafuta gari, akarudi kachelewa na mikono mitupu, jirani ndiye aliyekuja kuleta gari. Mimi jambo hilo sijalisahau. Sijamwambia, ila sahani yake naiweka mezani kwa kishindo.

Alhamisi, tarehe 13

Amekuja fundi wa umeme wa magari. Watu wanamwita Subiri, kwa sababu ukimwambia lolote anasema "subiri kwanza." Kijana mwenye miwani iliyofungwa waya.

"Mzee, linafanyaje?"

"Linakataa."

"Subiri kwanza. Linakataaje? Linalia tik-tik? Linakohoa? Linazunguka bila kushika?"

"Linakataa," mzee akasema. "Kukataa ni kukataa."

Fundi akazungusha ufunguo. Likawaka. Akazima, akawasha, likawaka. Alifanya hivyo mpaka mkono ukamchoka, na kila mara linawaka kama gari jipya. Adabu zote limezitoa mbele ya mgeni. Mzee alisimama pale anatazama viatu vyake kama aliyeshitakiwa kwa uongo. Fundi akasema ugonjwa wa kuja na kuondoka hautibiki mpaka uukute nyumbani. Akanywa chai, akaenda zake.

Ijumaa, tarehe 14

Imekataa. Nyayo za fundi bado ziko uani, nayo imekataa.

Jumatatu, tarehe 17

Mzee ameshauriwa na madereva wenzake kwamba ni stata, kile kinachozungusha injini. Kila dereva ana ugonjwa wake anaoupenda. Fundi amekuja kufunga stata nyingine, akaichukua ile ya zamani. Mkwe alimshikia tochi kutwa nzima. Jioni betri ikaingia ndani kama kawaida.

Jumamosi, tarehe 22

Wiki nzima imewaka. Nimelala usingizi wa watu. Leo hata nimeimba nikifua, binti yangu akachungulia dirishani, "Mama, umepatwa na nini?"

Jumatatu, tarehe 24

Imekataa.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha mzee, nikasikia ule ukimya. Sasa naujua. Ufunguo unagonga, halafu hakuna kitu. Binti yangu alitoka chumba cha nje ameshika kiuno, akatazama gari, akanitazama mimi, akarudi ndani.

Mzee alipiga usukani kwa ngumi. Honi haikulia. Akapiga tena, ikalia, akazungusha ufunguo, gari likawaka. Sasa hata yeye anaamini linataka kupigwa.

Alhamisi, tarehe 27

Fundi amerudi, gari likawaka. Nilikuwa nimeshachoka, nikamwambia, "Mwanangu, wewe ni daktari gani, mgonjwa akikuona anapona, ukiondoka anazimia?" Akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akaniuliza mimi, siyo mzee: "Mama, linapokataa nani anakuwa karibu?"

"Mimi. Kila asubuhi niko hapa mlangoni."

"Basi subiri kwanza nikuambie. Mzee akae na taa kubwa zimewashwa, wewe simama mbele ya gari. Akizungusha likakataa, tazama taa. Zikibaki na mwanga wake, niambie. Zikififia polepole kama mshumaa, niambie. Zikizimika pwa, niambie. Hizo ni habari tatu tofauti."

Mzee akasema mkewe si fundi. Fundi akasema hamtaki fundi, anataka macho.

Ijumaa, tarehe 28

Nimesimama mvuani na mwavuli. Imewaka.

Jumamosi, tarehe 29

Mwavuli. Imewaka. Jirani anauliza kama tunapigwa picha.

Jumatatu, tarehe 31

Imewaka. Nimeanza kuomba ikatae. Nikajishika mdomo.

Jumanne, tarehe 1 Aprili

Imekataa! Na nimeona. Taa zilikuwa kali zinaniumiza macho, mzee akazungusha, zikazimika pwa, zote mbili, kama umefunga mlango. Zikakaa hivyo. Kisha mzee akafunga mlango wa gari kwa hasira na taa zikarudi zenyewe. Nilipiga kelele kama nimeokota kitu. Mzee akasema, "Unafurahia nini? Gari limekufa." Nikamwambia limekufa vizuri.

Fundi alipopata habari kwa simu akasema, "Mama, hiyo siyo stata. Umeme wote unakatika njiani. Kuna mahali betri na gari vinaachana."

"Na stata yetu ya zamani?"

"Ilikuwa nzima."

"Iko wapi?"

"Subiri kwanza, mama. Hilo tutazungumza."

Ameshaiuza. Nimejua kwa jinsi alivyokata simu.

Jumapili, tarehe 6

Nilimsindikiza binti yangu kliniki juzi. Mtoto anacheza, mapigo mazuri. Muuguzi akamwambia kama nyumbani ni mbali na njia ni mbaya, kuna jengo la akina mama wanaosubiri, aje alale pale wiki za mwisho. Binti yangu akakataa hapo hapo. Njiani nikamuuliza. Akasema, "Mama, kwenye jengo lile ndiko walikoniweka baada ya yule. Kitanda cha dirishani. Sitalala mle nikiwa na tumbo. Nitafika siku ikifika."

"Na gari je?"

"Baba atalitengeneza."

"Likikataa?"

"Mama, acha wasiwasi."

Basi nimeacha. Nimeuacha hapa.

Ijumaa, tarehe 11

Fundi amemwagia vichwa vya betri maji ya moto, amevisugua kwa brashi mpaka vinang'aa, amevipaka grisi. Mzee akasema tangu lini gari likapona kwa kuoshwa. Imewaka.

Jumapili, tarehe 13

Imewaka.

Jumanne, tarehe 15

Imekataa. Mzee akaazima betri ya rafiki yake, mpya, bado ina karatasi. Imekataa na hiyo pia. Basi siyo betri. Fundi anasema tusife moyo, kila tunachokiondoa tunakaribia. Mimi naona kila tunachokiondoa kinabaki kile kile, siku zinayoyoma, na mvua imekata barabara ya juu hadi malori yanapita kwa zamu.

Usiku wa kuamkia leo niliota nasukuma gari na gari halina magurudumu.

Alhamisi, tarehe 17

Leo naandika jambo la mkwe.

Asubuhi nilitoka mapema kuteka maji, nikamkuta amesimama nyuma ya mlango wa chumba cha nje, amevaa, viatu mguuni, kichwa ameegemeza kwenye mbao. Nikadhani anaumwa. "Mkwe, kuna nini?" Akashtuka. "Hakuna, mama. Nasikiliza." Wakati huo mzee akawa anafunga betri. Tukasimama wote wawili bila kupumua. Ufunguo. Ikawaka. Mkwe akafumba macho, akavua viatu.

"Kila siku unafanya hivi?"

"Kila siku, mama. Isipowaka nakwenda kumwambia mwenye lori la mchanga asiondoke mapema. Nimeshakubaliana naye. Sikutaka kuwatia hofu."

Nikakaa kwenye ndoo yangu. Sijui kwa nini nikamuuliza pale pale: siku ile ulikwenda wapi? Akasema alikimbia mpaka njia panda, magari yakawa hayasimami, akalala barabarani. Lori likasimama. Dereva akashuka kumpiga, alipoelezwa akamhurumia, lakini akasema lori lake haliwezi kushuka bondeni na matope yale. Akampigia simu bosi wake, naye akakubali kutoa gari lake linaloweza kushuka. Yule bosi anamjua jirani yetu, akamkabidhi yeye alilete, ndiyo maana gari likaletwa na jirani. Yeye mwenyewe alirudi kwa miguu kwa sababu gari halikumngoja.

Miaka miwili, kila akija kwetu, anakula sahani yangu ya kishindo na hajawahi kusema neno.

Leo nimempa chai yeye wa kwanza, kabla ya mzee. Mzee akatazama kikombe, akanitazama, akasema, "Kumekucha."

Jumamosi, tarehe 19

Imewaka.

Jumatatu, tarehe 21

Imekataa. Ikawaka. Kisha mzee akaniambia usiku amebeba betri vibaya, kifua kinamuuma. Nikamwambia iache tu nje, nani ataiba kwenye mvua hii. Akanitazama kama nimemtukana mama yake.

Alhamisi, tarehe 24

Leo tumeupata.

Nimejaribu kuanza kuandika tangu jioni. Nitaandika ilivyokuwa.

Fundi alikuja mapema safari hii, kabla mzee hajarudisha betri. Nilimwomba mimi. Nilimwambia, mwanangu, mchana halikatai sana, hukataa asubuhi, njoo uione asubuhi yetu. Akakaa kwenye kiti cha chumba cha mbele akamwona mzee akitoka chumbani na betri kifuani. Akasimama.

"Mzee, betri inatoka wapi?"

"Chumbani."

"Inafanya nini chumbani?"

"Inalala," mzee akasema. "Wewe hulali?"

Fundi hakucheka. Akamfuata nje, akamwangalia anavyofanya. Mzee akaweka betri, akazivuta zile nyaya mbili nene kutoka pembeni alikozikunja, akavibana vichwa kwa spana. Fundi akamwomba azungushe. Ikakataa. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza nimemwona fundi anafurahi.

"Usiguse kitu! Mtu asiguse kitu! Mzee, endelea kuzungusha." Akaweka mkono kwenye waya mwekundu, akaupapasa wote. Akaweka kwenye ule mweusi, wa erthi, unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi. Akaruka. "Hapa pamechemka. Mama, shika." Nikashika. Waya wote wa baridi, mahali pamoja tu, karibu na kichwa, panachoma kama sufuria. Mkwe naye akashika, akaukunja kidogo kwa vidole vyake vile vya kushonea. "Hapa pamelegea," akasema. "Ndani hamna kitu."

Fundi akapasua mpira kwa kisu. Ndani kulikuwa na nyuzi za shaba, na karibu zote zimekatika, nyeusi, zimesagika kama majani makavu. Zimebaki chache. Kwa nje waya ni mzima kabisa, ndiyo maana kila mtu aliuangalia akaupita. "Waya ukilala upande mmoja nyuzi zinagusana, gari linawaka. Ukilala upande mwingine haziwezi kubeba umeme wa stata, wote unaporomoka. Ukitikisa gari zinagusana tena." Alikuwa anaongea haraka, anafurahia kazi yake, na akauliza bila ubaya wowote: "Lakini waya mnene hivi haukatiki bure. Umekunjwa na kukunjuliwa, umekunjwa na kukunjuliwa. Nani alikuwa anaukunja kila siku?"

Mvua ilikuwa inadondoka kutoka kwenye boneti. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na kanga begani, amesikia.

Mzee aliweka spana chini polepole juu ya tofali. Akasema, "Mimi." Halafu akasema tena, siyo kwa fundi. "Kila jioni na kila asubuhi. Mimi mwenyewe."

Akaondoka akaelekea nyuma ya nyumba. Nilitaka kumfuata, binti yangu akanishika mkono, akaenda yeye, na tumbo lake, kwenye utelezi. Sikusikia walichosema. Waliporudi alikuwa amemshika baba yake kiwiko, na macho ya wote wawili mekundu, na binti yangu anamgombeza kabisa: "Basi inatosha, baba. Betri haikuua mtu. Aliyeiba ndiye aliyeiba. Wewe umelala na chuma kitandani miaka miwili kwa ajili yangu, nitakulaumu nini?"

Mimi nilidhani analipenda gari kuliko sisi. Niliwahi hata kumwambia.

Mkwe akaenda mjini kwa miguu kununua waya mpya. Amerudi nao umefungwa kwenye mfuko, kapima urefu kwa futi yake ya nguo.

Ijumaa, tarehe 25

Imewaka. Betri ililala nje. Mzee pia. Nimemkuta asubuhi ndani ya pikapu, shingo imekwenda upande, ufunguo umefungwa kwa kamba kwenye kidole.

Jumapili, tarehe 27

Imewaka. Mkwe na mzee wametoboa boneti wakatia mnyororo na kufuli. Mzee amelala ndani. Amelala vibaya, anapapasa sakafu.

Jumatano, tarehe 30

Imewaka.

Ijumaa, tarehe 2 Mei

Imewaka. Nilimuuliza fundi, ndiyo basi limepona? Akasema kwa kadiri ya akili yake limepona. Nikamwambia niapie. Akasema, "Subiri kwanza, mama. Gari linalokataa kila siku, likiwaka unajua limepona. Hili lilikuwa linakataa likitaka. Likikaa miezi bila kukataa, hapo nitakuapia." Miezi! Sisi tuna siku.

Jumanne, tarehe 6

Imewaka. Hakuna anayeamini. Kila asubuhi nasimama mlangoni, mkwe yuko nyuma ya mlango wake na viatu, binti yangu najua yuko macho. Likiwaka kila mtu anakwenda na kazi yake kama hakuna aliyekuwa anasikiliza.

Alhamisi, tarehe 8

Imewaka. Nimechoka mpaka mifupa. Siyo kazi, ni kusubiri.

Jumapili, tarehe 11

Naandikia kwenye benchi la hospitali.

Leo asubuhi binti yangu aliniita kwa jina langu la utoto ambalo hajawahi kuniita. Nikajua. Nilitoka nje, mzee alikuwa tayari yuko kwenye usukani, sijui nani alimwambia. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Tulimpandisha mbele katikati yetu, mkwe akaruka nyuma kwenye mbao. Mzee akashika ufunguo, hakuzungusha. Binti yangu, na uchungu wake wote, akaweka mkono wake juu ya ule wa baba yake, akazungusha yeye.

Ikawaka.

Tulipanda kile kilima matope yakiruka mpaka kwenye kioo. Juu kabisa nikaona mshale wa mafuta umelala chini. Nikamwambia mzee, kituo cha mafuta kile pale. Akapita bila kupunguza mwendo. "Pale wanalazimisha uzime injini," akasema. "Sizimi." Sikumbishia. Hata mimi nisingezima.

Hospitalini walimchukua kwa kitanda cha magurudumu, mlango ukafungwa. Kukawa na mwingine kabla yake kwenye chumba cha upasuaji, tukaambiwa tusubiri, anaangaliwa. Mzee akarudi mara tatu kulitazama gari. Lilikuwa linanguruma peke yake pale nje. Mlinzi akaja.

"Mwenye pikapu ya mbao nani? Gari lako umelisahau linawaka."

"Sijalisahau."

"Basi lizime, mzee. Wagonjwa wanavuta moshi."

"Nikilizima utaniwashia wewe?"

Mlinzi akatazama nyuso zetu, sijui aliona nini, akasema basi lisogezwe kule uzioni, penye kamba za kuanikia mashuka. Mkwe akaenda kulisogeza. Tukakaa. Jua likatoka, likapanda, likaanza kushuka. Kupitia dirishani nilikuwa nasikia ule mngurumo, na niseme ukweli, ndio ulionishika nisianguke. Nilikuwa nauhesabia pumzi zangu.

Sikutambua mngurumo ulipokatika. Nilichosikia ni mlango, na muuguzi akitoka na kofia yake ya kijani, akauliza, "Ndugu wa mama aliyepasuliwa ni nyie?" Mzee akashindwa kusimama. Mkwe akasimama, sauti yake ile ndogo ikasema, "Ndiyo sisi." Muuguzi akasema mama mzima, mtoto mzima, wa kiume, na ana mapafu, mtamsikia. Tukamsikia. Nilimkumbatia mkwe wangu mbele za watu, nikamlowanisha shati.

Walituruhusu kumwona binti yangu kidogo tu. Alikuwa na usingizi wa dawa, midomo imekauka. Aliniuliza mtoto yuko wapi, nikamwambia yule pale analia. Akasema, "Mwache alie."

Tulipotoka nje palikuwa kimya. Mzee ndiye aliyegundua. Alisimama katikati ya uwanja, akaanza kukimbia kuelekea uzioni na mgongo wake ule. Tukamfuata. Akaingia, akazungusha ufunguo. Stata ikazunguka kwa nguvu, taa kali haziyumbi, kila kitu kinafanya kazi, injini haishiki. Akazungusha tena. Hivyo hivyo. Kisha akainama kutazama pale mbele ya usukani, akakaa ameinama.

"Mafuta," akasema. "Yameisha mafuta."

Akaanza kucheka. Alicheka akiwa ameweka paji la uso kwenye usukani, mabega yanatikisika, mpaka kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, nikapanda nikakaa karibu naye, sikumwambia anyamaze. Msimu mzima gari limetukatalia, na leo ndiyo mara ya kwanza tumejua sababu hapo hapo.

Mkwe amechukua dumu amekwenda kituoni. Tumemwambia ale kwanza, asiharakishe.